Mwaka wa Awali Usigeuzwe Darasa la Kwanza Dogo

Kila ifikapo robo ya mwisho ya mwaka, mbao za matangazo za shule za msingi za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi na kuanzia Kisarawe mjini hadi Maneromango, hubandikwa karatasi ile ile: uandikishaji wa Awali na Darasa la Kwanza umeanza. Na kila mwaka swali linalozunguka kwenye mabaraza na magrupu ya wazazi ni moja: mtoto ameshajua kusoma? Mzazi wa Kibaha anayelipia chekechea ya mchepuo wa Kiingereza huuliza hivyo kwa majivuno kidogo. Mzazi wa Mzenga ambaye mwanawe hajawahi kukaa darasani huuliza hivyo hivyo kwa wasiwasi. Wote wawili wanapima kitu ambacho hakistahili kupimwa wakati huo. Kwa lugha tunayofundishia shule zetu za msingi za serikali, kusoma maneno ni kazi fupi, inayoweza kumalizwa vizuri ndani ya Darasa la Kwanza mwalimu akiijua kazi yake. Kinachochukua miaka, na ambacho mtoto akikikosa ni shida kumfidia baadaye, ni wingi wa maneno kichwani, masikio yanayosikia sauti ndani ya neno, ujasiri wa kueleza jambo mwanzo hadi mwisho, na uelewa wa namba. Mwaka wa Awali ukitumiwa kuwahi hicho cha kwanza, unakula nafasi ya hivi vya pili.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Irabu tano hazibadiliki sauti popote zinapokaa, na silabi nyingi huishia na irabu. Lugha za namna hii husomeka haraka. Mwaka 2003 Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walichapisha ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Watoto wa Ufini, mwisho wa darasa la kwanza, walisoma kwa usahihi kama maneno 98 kati ya 100 ya kawaida. Watoto wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, katika mwaka wao wa kwanza waliweza kama 34. Ni kweli Wafini walikuwa wakubwa zaidi, kwa kuwa kwao shule huanza na miaka 7 na Scotland huanza na 5. Lakini umri peke yake hautoshi kueleza pengo hilo, kwa sababu watoto wa lugha nyingine zinazoandikwa zinavyotamkwa nao waliwaacha mbali wasomaji wa Kiingereza. Ufini, tukumbuke, ni mojawapo ya nchi nne za Nordiki zilizoanzisha mwaka 1963 kituo cha Kibaha, kikakabidhiwa kwa Tanzania Januari 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Walituachia sekondari, hospitali ya Tumbi na mafunzo ya wakulima. Namna wanavyowaanzisha shule watoto wao wenyewe hatukuwahi kuwauliza, na ni hasara, maana katika suala la maandishi mtoto wa Kibaha anafanana na mtoto wa Helsinki kuliko anavyofanana na mtoto wa London.

Sasa tuangalie kinachofanyika katika madarasa mengi ya Awali. Mwalimu ameandika ubaoni ba be bi bo bu. Anagusa kwa fimbo, darasa zima linaitika kwa sauti moja, safu inakwisha, wanarudia. Kwa mgeni anayepita dirishani, hapo kuna elimu. Lakini mwalimu akiruka na kugusa bo kabla ya be, sauti hufifia, wanabaki wachache wanaojua na wengi wanaotazama midomo ya wenzao. Walichohifadhi ni wimbo, na wimbo huo haujafungamana na herufi. Kuna jaribio dogo linalomweleza mwalimu mengi zaidi, na halihitaji chaki. Mwambie mtoto apige makofi kwa kila pigo la neno: ko-ro-sho, makofi matatu, mu-ho-go, matatu. Kisha mpe mtu. Mtoto aliyekwisha kuzoea kusikiliza sauti za lugha yake atapiga mawili, m-tu, kwa sababu ile m ya mwanzo inasimama yenyewe. Asiyezoea atapiga moja, au atapiga ovyo huku akicheka. Huyo wa pili hana tatizo la akili wala la herufi. Hajachezeshwa maneno vya kutosha. Mtaala wa Awali wa mwaka 2016 uliliona hili: kati ya umahiri sita uliotajwa, ulikuwemo wa kuhusiana na ule wa kuwasiliana, pamoja na sanaa, afya, mazingira na dhana za hisabati. Hakuna palipoagizwa watoto wa miaka 5 waimbishwe silabi asubuhi nzima. Tumejiagiza wenyewe.

Pingamizi la kwanza ni zito na halifai kukwepwa. Kama Kiswahili ni rahisi kusoma kiasi hicho, mbona watoto wetu wanafika Darasa la Tatu hawajui? Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 8 tu ya wanafunzi wa Darasa la Pili walifikia kiwango cha kusoma na kuelewa kilichotarajiwa, na ndiyo sababu serikali ikaja na mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa Darasa la Kwanza na la Pili mwaka 2015. Mtu anaweza kusema: basi tuanze mapema zaidi, tuipe Awali kazi ya KKK. Mantiki hii inavutia lakini imegeuka. Watoto hao walikwama kwenye mambo mawili: wengine hawakufundishwa herufi kwa mpangilio, wakaimbishwa, wengine walitamka maneno vizuri bila kuelewa walichotamka. La kwanza ni kosa la ufundishaji, na kulihamishia Awali ni kulianza mwaka mmoja mapema, kwa watoto wadogo zaidi, mbele ya mwalimu mwenye msongamano mkubwa zaidi. La pili ni upungufu wa lugha, na dawa yake ni mazungumzo. Huko New Zealand, Sebastian Suggate na wenzake walilinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na walioanza na miaka 7. Walipofika kama miaka 11 hakukuwa na tofauti ya kusoma baina yao. Tena hao walikuwa wakisoma Kiingereza chenye tahajia ngumu. Faida ya kuwahi, kama ipo, huyeyuka.

Hapa ndipo watoto wa Kibaha na Kisarawe wana mtaji ambao hauingizwi kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mtoto wa Kisukuma au wa Kigogo kijijini huingia darasani akiwa na kazi mbili, kujifunza Kiswahili na kujifunza shule. Mtoto wa hapa Uzaramoni anaingia na Kiswahili chake kamili, cha nyumbani na cha mtaani, pamoja na hadithi za bibi na vitendawili vya jioni. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mtoto anayelitafuta yai katika sentensi hiyo anashika maelezo kichwani, anayalinganisha na vitu anavyovijua, anatupa lisilofaa, anajaribu jingine. Hiyo ndiyo kazi atakayopewa na kila swali la ufahamu hadi kidato cha nne. Kuhesabu nako ni hivyo hivyo. Vizibo vya soda au mbegu za mkwaju zilizomwagwa mkekani, mtoto akatenga saba, akaongeza tatu, akagundua mwenyewe kwamba hata akizipanga vingine bado ni kumi, humfundisha namba kuliko kuandika 1 hadi 100 kwenye daftari kwa mkono ambao misuli yake ya vidole bado haijakomaa. Maandalizi ya namna hii hayana bei, na hiyo huenda ndiyo sababu hayaheshimiwi: hayana sare wala risiti.

Pingamizi la pili litatoka kwa mwalimu, na ana haki. Mazungumzo gani na watoto mia? Kiwango rasmi cha Awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, uandikishaji wa Awali nchini uliruka kutoka kama watoto milioni 1.07 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 1.5, na katika shule nyingi za serikali mwalimu mmoja akabaki na watoto zaidi ya 100. Katika hali hiyo wimbo wa silabi ni njia ya kudhibiti umati kabla haujawa njia ya kufundisha, na anayemlaumu mwalimu peke yake hajawahi kujaribu. Lakini umati haulazimishi wimbo. Mpango wa EQUIP-T uliofadhiliwa na Uingereza ulijaribu jambo lenye manufaa katika mikoa kama Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora (Pwani haikuwemo): mafunzo ya utayari ya wiki 12, baadaye 16, yaliyoendeshwa na vijana waliochaguliwa na jamii zao, kwa hadithi, michezo na vifaa vilivyotengenezwa pale pale. Hawakuwa walimu wa cheti. Walikuwa watu wanaoweza kuketi na watoto 20 chini ya mti na kusimulia, huku watoto nao wakisimulia. Kibaha na Kisarawe zimejaa vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri lolote. Halmashauri ikiwalipa posho ndogo kwa saa mbili za asubuhi, chini ya usimamizi wa mwalimu wa Awali, umati wa watoto mia unagawanyika makundi manne. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya chumba kimoja cha darasa. Lakini chumba huzinduliwa kwa kukatwa utepe, na posho haina utepe, kwa hiyo sote tunajua kipi hupita kwenye bajeti.

Simaanishi majengo hayana maana. Kisarawe ni wilaya ya umbali: mtoto wa Pugu, ng'ambo ya mpaka upande wa Dar es Salaam, anaiona shule kutoka kibarazani, wa Vikumburu au Mafizi anaweza kutembea muda mrefu porini kabla ya kuifikia. Mzazi anayesema ataanza akikua kidogo, huku anaelekea kwenye mihogo au korosho, mara nyingi anafanya hesabu ya miguu ya mtoto, na hesabu hiyo ni sahihi. Vituo shikizi, yaani matawi madogo ya shule yaliyo karibu na makazi, ndivyo jibu, na madarasa 3,000 ya vituo hivyo yaliyojengwa nchini kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 yalikuwa uamuzi mzuri kuliko ulivyosifiwa. Kituo shikizi chenye Awali na madarasa mawili ya mwanzo kinamfaa mtoto mdogo kuliko shule kubwa ya mbali yenye darasa la mfano lililopakwa rangi. Na pale ambapo hata kituo hakipo, ipo madrasa. Katika wilaya hizi mbili watoto wengi hukaa mbele ya ustadhi kabla hawajakaa mbele ya mwalimu. Wamekwisha kujifunza kuketi, kusubiri zamu, kusikiliza na kushika. Mombasa mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulianzishwa mpango wa kufungua shule za awali zilizofungamana na madrasa, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, akina mama wa mtaani wakifunzwa kuwa walimu. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walipowapima watoto wa sehemu hizo, waliosoma shule za awali walikua kiakili zaidi ya waliobaki nyumbani, na wa madrasa wakawazidi hata wa shule nyingine za awali. Sioni sababu ya Maneromango kushindwa kufanya kilichofanyika Zanzibar.

Kibaha mjini ugonjwa ni mwingine. Hapa, kando ya Barabara ya Morogoro, mzazi ana chaguo na anaogopa kukosea. Chekechea zinashindana kwa vitu vinavyoonekana: madaftari yaliyojaa, kazi za nyumbani kwa mtoto wa miaka 4, Kiingereza cha kukariri, mahafali yenye majoho. Mtoto anafundishwa tahajia ngumu ya Kiingereza, lugha asiyoiongea nyumbani, katika umri ambao hata mtoto wa Scotland mwenye lugha hiyo tangu kuzaliwa anahangaika nayo. Mwenye shule si mjinga, anauza kinachonunuliwa. Wapo wanaosema basi tuwaelimishe wazazi, waitwe mikutano. Ghana walijaribu, katika shule 240 za wilaya sita za eneo la Accra, mazingira yasiyo tofauti sana na Kibaha. Sharon Wolf na wenzake waliwafunza walimu wa awali kufundisha kwa michezo, na watoto wao wakaendelea vizuri. Kundi jingine walimu walifunzwa vile vile, na wazazi wakaongezewa mikutano ya uhamasishaji. Kundi hilo la pili halikupata faida ile, mikutano iliifuta. Mimi nasoma tokeo hilo hivi: mzazi aliyeambiwa kwamba mchezo ni elimu, bila kuonyeshwa mwanawe amepata nini katika mchezo huo, hurudi nyumbani na shaka mpya na kumbana mwalimu zaidi. Mwite mzazi asubuhi ya siku ya kazi, akae nyuma ya darasa, amsikie mwanawe akisimulia hadithi mbele ya wenzake bila kushikwa mkono. Hapo hotuba haitahitajika.

Pingamizi la tatu hutolewa na wazazi wa pande zote mbili: Awali inachelewesha, mtoto mwerevu aruke, aingizwe Darasa la Kwanza moja kwa moja. Hili lina ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Jan Bietenbeck, Sanna Ericsson na Fredrick Wamalwa walitumia takwimu za Uwezo, upimaji wa kusoma na kuhesabu, za Tanzania na Kenya, wakalinganisha ndugu wa nyumba moja, aliyepitia shule ya awali na asiyepitia. Kulinganisha ndugu ni hila nzuri, kwa sababu huondoa kisingizio kwamba waliosoma awali ni watoto wa matajiri. Walikuta kwamba wakiwa na miaka 7 hadi 9, waliopitia awali wako nyuma kidogo kwa madarasa. Mzazi mwenye haraka hajakosea alichokiona. Lakini wakifika miaka 13 hadi 16, pengo hilo la madarasa limekwisha, na katika vipimo vya kusoma na kuhesabu wamewapita ndugu zao. Ziada yenyewe ni ya wastani, sehemu moja ya kumi ya kipimo ambacho watakwimu hukiita mchepuko sanifu. Ukikumbuka kwamba imepatikana katika madarasa ya awali kama yalivyo, yenye msongamano na nyimbo za silabi, swali linakuwa ingekuwa kiasi gani mwaka huo ungetumika ipasavyo.

Shinikizo la kuharakisha linaelekea kuongezeka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imebakiza Awali mwaka mmoja wa lazima na kupunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na mtaala mpya wa Awali na Darasa la Kwanza ulianza kutumika Januari 2024. Shule inayoogopa mwaka uliopotea kule juu itatafuta wa kufidia kule chini. Kisarawe ina kumbukumbu nzuri ya jinsi macho yetu yanavyopenda kutazama mwisho: kati ya 2018 na 2021, mkuu wa wilaya wa wakati huo, Jokate Mwegelo, aliongoza kampeni ya Tokomeza Zero, fedha zikachangwa, ikajengwa sekondari ya wasichana. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Ila sifuri ya kidato cha nne huanza kuandikwa siku mtoto alipoingia Darasa la Kwanza bila maneno ya kutosha kuelewa mwalimu anasema nini kuhusu mti na kivuli chake, na hakuna wilaya niliyosikia ikichangisha fedha kwa ajili ya siku hiyo.

Kwa hiyo mwalimu wa Awali anapomkabidhi mtoto Desemba, karatasi anayompa mwenzake wa Darasa la Kwanza ingefaa iwe na mambo mengine kabisa. Anaweza kusimulia tukio likaeleweka? Anapiga makofi mangapi kwa neno mtu? Anajua saba ni nyingi kuliko tano bila kuanza kuhesabu moja? Anaomba ruhusa ya kwenda chooni, au huvumilia hadi ajichafue? Anasikia vizuri na anaona ubao? Amekunywa uji? Swali hili la mwisho si la huruma: upimaji wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto mwenye njaa hasikilizi hadithi. Kisha wapo wale ambao hawakupita Awali kabisa, watakaopokelewa Januari, kwa kuwa shule haiwezi kuwarudisha na haipaswi. Hao wapewe wiki nane za mwanzo za mazungumzo, vitendawili na vizibo, pamoja na darasa zima, kabla ya kufunguliwa ukurasa wa kwanza wa kitabu. Darasa halitachelewa, Kiswahili kitawasubiri, na kikianza kusomwa kinasomeka haraka. Mwalimu mkuu atakayekubali hilo atahitaji mkaguzi ambaye, akiingia darasani mwezi wa pili na kukuta madaftari bado meupe, hataandika kwamba hakuna kilichofundishwa.